Kinachofungwa ni Ng'ombe

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto. Hamjambo? Lile goti lako linaendeleaje, na wifi bado anakohoa asubuhi kama wakati ule mlipokuja? Mwambie asiache maji ya moto, na mwambie pazia lake nimeshalikata, bado kushona tu. Sisi huku miili ni mizima. Kazi ipo, maturubai yanaletwa, na paa la chumba cha Baba halivuji tena tangu shemeji apande kulitia viraka. Ila ukitaka kujua hali yangu mimi mwenyewe, Kaka, nina hasira. Uliwahi kuniambia mtu asiandike barua akiwa amefura, kwa hiyo nikaingoja ipoe. Haikupoa. Nakuandikia nayo hivyo hivyo, na sikutaka kuyasema haya kwenye simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Nianze na lile unalolijua, ingawa ulilisikia kwa mkato. Siku fimbo ya Baba ya kuvulia ilipopotea, shemeji, mume wa mdogo wetu Kitindamimba, alikuja moja kwa moja hadi dukani kwangu. Nilikuwa chini ya turubai la lori, nusu nimefunikwa, natafuta mahali lilipochanika. Akasimama mlangoni, shati limelowa chepechepe, kofia mkononi. Akasema walikuwa katikati ya bwawa, Baba akampa ile fimbo amshikie kidogo, naye akaiegesha ukingoni mwa boti ili amenye chungwa. Samaki akaivuta, ikaenda. Alisema yote hayo akiiangalia sakafu yangu, akamaliza, akabaki hapo hapo. Mimi nikamuuliza kama lile chungwa lilikuwa tamu. Baba alikuwa nje, ameupa mlango mgongo, anaangalia barabara kama mtu anayengoja gari. Nikadhani anaficha machozi, nikazidi kupandwa na hasira.

Wewe uliondoka nyumbani ukiwa kijana, kwa hiyo labda umesahau fimbo yenyewe ilikuwa nini. Mpini wake Baba aliuchonga kwa mguu wa kitanda chao cha kwanza, yeye na Mama, kilipovunjika. Kulikuwa na kibonyeo pale dole gumba lilipokaa, hakikuchongwa, kilijichimba chenyewe kwa miaka. Vipete vya kupitishia mshipi alivifunga Mama, kwa uzi mwekundu, na kila mvua zikiisha alikuwa anaufumua na kuufunga upya. Uzi wa kwanza niliowahi kuukaza maishani mwangu niliukazia pale, Mama akiwa ameweka kidole chake juu ya changu ili fundo lisiteleze. Alipofariki, Baba hakuruhusu mtu auguse. Alipaka tu vanishi juu yake, tabaka juu ya tabaka, ule uzi ukabaki ndani kama alivyouacha. Mikono ya Mama ilikuwa bado imo kwenye kile kitu. Hicho ndicho kilichozama, Kaka, na hicho ndicho ulichokiita fimbo tu.

Na kilizama kwa sababu hakikufungwa. Hapo ndipo penye uchungu. Watu wote pale bwawani hufunga fimbo zao kwenye boti kwa kamba, hata wale wanaokuja mara moja kwa mwaka kupiga picha. Sisi hapana. Kwetu kufunga fimbo ilikuwa aibu. Unaukumbuka msemo wa Baba, kinachofungwa ni ng'ombe, na jinsi alivyokuwa anawapigia kelele jamaa wa gatini akiwauliza kama wamekuja kuvua au kuchunga. Tumecheka sana na msemo ule, wewe na mimi na Kitindamimba, tukajiona watu wa maana kuliko watu wenye kamba. Yule mwuza chambo wa gatini aliposikia fimbo imepotea aliniuliza kwa upole mwingi kama ng'ombe amepatikana. Nilitamani kummwagia ndoo yake ya minyoo kichwani.

Sikummwagia. Nilimmwagia shemeji, kwa maneno. Unajua watu wananiita Sindano, na safari hii nilistahili jina. Nilimnunia kiasi kwamba alipopita mbele ya duka nilikuwa nasimamisha cherehani ili ajue nimemwona na sitamsalimu. Alileta mfuko wake wa vifaa umekatika mkanda, nikamwambia apeleke kwa mtu anayeshona vitu vya wazembe. Kitindamimba akaja juu, akaniambia yule ni mume wake, si mtumishi wangu, na kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamjibu kwamba haya yaliyopita ni ndwele kabisa na aliyetuambukiza analala kitandani kwake. Akaondoka bila kuaga. Mdogo wetu, Kaka, ambaye nilimbeba mgongoni, akaacha kukanyaga kwangu.

Wewe ukatuma ujumbe kwamba tusikuze mambo, fimbo zipo nyingi, utaleta nyingine. Na kweli ukaileta. Ilifika ndani ya mrija mrefu mweusi, nyepesi, inang'aa, ina kigurudumu cha mshipi kinachozunguka bila sauti. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hii yako haikuua hata dagaa. Baba alikushukuru kwenye simu, nilikuwepo, alikushukuru kwa adabu kama mtu anayemshukuru mkuu wake wa kazi. Kisha akairudisha ndani ya mrija, akausimamisha nyuma ya kabati, akavua viatu vyake vya bwawani na kuvifungia kwenye mfuko wa plastiki.

Hakuenda tena. Labda kwenye simu hukusikia tofauti, kwa sababu kwenye simu alikuwa anasema yuko salama. Wacha nikuambie salama yake ilivyokuwa. Tangu Mama afariki, kitu kilichokuwa kinamwamsha yule mzee ni lile bwawa. Alifanya kazi ya kutunza pampu za maji yake mpaka akastaafu, anajua kina chake kuliko anavyojua vyumba vya nyumba yetu. Sasa akawa anakaa ukingoni mwa kitanda, mlango wazi, anafungua redio ambayo haijaharibika, anaifunga, anaifungua tena. Chakula anakigusa pembeni. Nikimuuliza anataka nini ananiambia hataki kitu, na alikuwa anasema kweli, ndiyo iliyonitisha. Mtu anayetaka kitu unaweza kumletea.

Shemeji naye kila Jumamosi alikuwa anachukua boti peke yake na kuburuta ndoana kubwa ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, huku na huko, anatafuta fimbo chini ya maji. Alirudi na matawi, na kiatu kimoja, na mara moja kiti cha plastiki. Fimbo hakuipata, na nikuambie mapema ili usibaki unangoja, haijapatikana mpaka leo na haitapatikana. Nilipomwona anapita na makasia begani nilisema moyoni, vizuri, buruta, dhamiri ikutafune.

Ndipo nikaamua kwamba kama ya Mama imekwenda, ya pili haitakwenda. Mimi nashona vitu vya kushikilia mizigo ya malori. Nikashindwa na fimbo moja? Nikaichukua fimbo yako nyuma ya kabati, nikaanza na mkanda wa kiti cha gari, ukawa mzito, unaivuta fimbo upande. Nikajaribu kamba ya nailoni, ikawa haina huruma, samaki mkubwa akishtuka angeukata mpini. Mwisho nikachana mpira wa ndani wa baiskeli ukawa utepe, nikauingiza ndani ya mrija mwembamba wa turubai, nikaushona kwa uzi wa mahema na kutia kibanio cha mkoba kila ncha. Unavutika kidogo, kisha unakataa. Kwenye kitako cha mpini nikavisha kipande cha ndala, ili fimbo ikianguka isimame majini badala ya kuzama. Nilijaribia kwenye pipa la maji mbele ya duka, naidondosha, naitoa, naidondosha. Kinyozi wa jirani alitoka na mteja wake, kitambaa shingoni na nusu ya kichwa haijanyolewa, wakasimama kutazama. Kinyozi akataka kujua kama naiogesha au naifundisha kuogelea. Nikamwambia akamalize kichwa cha watu.

Nilimrudishia Baba fimbo yako, ule mkanda umeshafungwa. Nilidhani atafurahi. Aliuangalia muda mrefu, akakishika kile kibanio, akaniuliza nani ameniambia nishone kitu kile. Nikasema hakuna aliyeniambia. Akaniuliza tena, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto, kama kuna mtu amenisemesha jambo. Kisha akaurusha kitandani na kusema nyumbani kwake kinachofungwa ni ng'ombe. Hapo na mimi nikawaka. Nilimwambia ule msemo wake ndio uliomzamisha Mama mara ya pili. Nilimwambia kama angekubali kamba ya kawaida kama binadamu wengine, mzembe wake na chungwa lake wasingetufikisha hapa. Sijawahi kusema na Baba vile. Aliugeuzia ule mkanda mgongo. Halafu akasema, taratibu, nisimwite yule kijana mzembe.

Nikasema basi Jumamosi naenda bwawani na hiyo fimbo, mwenyewe. Unajua siwezi kuogelea, na kasia nililishika mara moja nikazunguka palepale mpaka nikatapika. Baba anajua pia. Jumamosi akavaa viatu vyake. Hakusema anakuja kuvua, alisema hataki kuzika mtu mwingine. Akampigia simu shemeji aje kupiga makasia, na mimi nikakubali kwa sababu nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia mtu ambaye hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo tukakaa hivi: shemeji mkiani mwa boti, mimi katikati na jaketi la kuelea limenibana shingo, Baba mbele na fimbo yako mkononi. Ule mkanda alikataa, akasema ubaki kwenye kikapu. Bwawa lilikuwa limetulia, hakuna upepo, hakuna samaki aliyegusa chambo. Mimi nilikuwa nazungumza. Nilikuwa nampiga shemeji mafumbo, moja baada ya jingine, kuhusu watu wenye mikono ya siagi na watu wanaothamini matunda kuliko wazazi. Naye alikuwa anamwangalia Baba. Nikadhani ananikwepa macho. Nikageuka kuona anachoangalia.

Mkono wa Baba ulifunguka, Kaka. Hakuna kilichovuta. Vidole vililegea tu, kama vya mtu aliyepitiwa na usingizi, na fimbo ikateleza, ikagonga ukingo, ikaingia majini. Na Baba hakujua. Aliendelea kuliangalia boya lake dogo kule mbele, mkono umekunjika vilevile, ameshika fimbo ambayo haipo. Maji yakaruka, ndipo akashtuka.

Fimbo haikwenda. Ilifika mahali ikakataa, ikasimama pembeni ya boti na kipande chake cha ndala juu. Shemeji alikuwa ameutoa ule mkanda kikapuni wakati tunasukuma boti, akabana ncha moja kwenye kitako cha fimbo na nyingine chini ya kiti, bila kumwambia mtu. Alinipita bila kunigusa, akaikamata kabla hata sijafunga mdomo. Akaiweka magotini kwake, akamwambia Baba amsamehe, amemgonga kwa goti. Kaka, yule mtu alikuwa mkiani. Mimi na mwili wangu huu tulikuwa katikati. Goti lake lisingemfikia Baba hata kama angekuwa twiga.

Nikauliza nani aliyepoteza fimbo ya kwanza. Shemeji akasema ni yeye. Nikauliza tena, safari hii namwangalia Baba. Alikuwa anafungua na kufunga vidole vyake, anavitazama. Akasema mkono unakufa. Ulianza kidole kidogo, kabla ya mvua zilizopita, ukapanda. Kuna siku upo na kuna siku anauona tu kwenye sahani, haumsikii. Siku ile chungwa lilikuwepo kweli, lakini shemeji alikuwa anammenyea yeye, kwa sababu alikuwa hawezi tena kumenya. Fimbo ilimtoka Baba mkononi mwake mwenyewe. Aliiona inazama, na uzi mwekundu wa Mama, akanyoosha ule mkono kuikamata nao ukakataa. Shemeji alijirusha nusu ya mwili nje ya boti, ndiyo maana lile shati lilikuwa limelowa, na hakuifikia.

Kabla hawajagusa gati, Baba akamwomba aseme ni yeye. Aliniambia sababu huku anatazama maji. Alisema shemeji akipoteza fimbo atasemwa tu, lakini yeye akipoteza fimbo atahamishwa.

Unakumbuka lile birika? Mlipokuja likizo, Baba alipolidondosha juu ya vikombe na chai ikamwagika mpaka chini ya meza? Wewe ulicheka, na sisi tukacheka. Kisha ukafuta kiatu chako na kusema kitu kimoja zaidi kikimponyoka, boti inauzwa, na Mzee anahamia kwako ghorofani apumzike. Ulisema kwa wema, najua. Wifi akasema chumba kipo. Mimi niliendelea kukusanya vigae vya vikombe na nikasahau kabla sijafika jikoni. Baba hakusahau. Tangu siku ile alikuwa anashika vikombe kwa mikono miwili na kutuambia ni vya moto. Anajua wewe ukisema kitu nyumba nzima inakitekeleza, maana wewe ndiye mkubwa, na sisi ndivyo tulivyolelewa, na aliyetulea hivyo ni yeye.

Nimemkasirikia Baba, na nimemwambia. Amemwacha mtu mwema anyonyolewe na mimi kama kuku, akikaa pembeni na redio yake. Nimemkasirikia shemeji kwa kukubali, na kwa kumficha hata mke wake, eti Kitindamimba angejua, ningejua na mimi. Nimejikasirikia mwenyewe, na sitakuandikia kiasi gani. Jumatatu nilikwenda kwenye karakana yake. Alikuwa anachomelea lango, akainua ile barakoa ya chuma, na mimi nikasema nilichokwenda kusema, mbele ya mafundi wenzake, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu matusi niliyatoa hadharani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama ule mkanda unaweza kurefushwa kidogo, maana Baba hupenda kusimama. Nikauliza ule mfuko wake wa vifaa uko wapi. Nimeushona, na mishono yake itadumu kuliko mimi. Kitindamimba amerudi kukanyaga kwangu, ila nikienda kwake bado ananipa chai bila sukari.

Baba tumempeleka hospitali. Usishtuke. Daktari amesema ni mshipa wa fahamu unaobanwa shingoni, si kichwa na si moyo. Anampa mazoezi na dawa. Kuna nguvu itakayorudi na kuna ambayo huenda isirudi. Nilimuuliza waziwazi kuhusu bwawa, akasema aende, asiende peke yake, avae jaketi, na awe na kitu cha kumfanya atake kuutumia ule mkono. Baba aliyasikia hayo kwa masikio yake na akajifanya anasoma picha ya mifupa ukutani.

Kuhusu mkanda, alikataa bado. Tulibishana juma zima. Aliyeumaliza ubishi ni shemeji, ambaye hasemi. Jumamosi iliyofuata alikuja na fimbo yake mwenyewe, akaniomba nimshonee mkanda kama ule, na kabla hatujatoka gatini akaifunga, mbele ya yule mwuza chambo. Kisha akaniuliza na mimi yangu iko wapi. Sina fimbo, nikafunga kikapu. Baba alitutazama wote wawili, akasema basi leo sote ng'ombe, akanyoosha fimbo yake ifungwe. Ilimponyoka mara mbili siku ile. Mara zote mbili ilisimama pembeni ya boti, naye akaivuta kwa mkono wa kushoto, akatukana kidogo, akaendelea. Alirudi nyumbani ananuka samaki, akauliza kwa nini hakuna chai.

Sasa nifike kwako. Nina hasira na wewe, Kaka, kuliko na wote hao, na ndiyo inayokataa kupoa. Wewe si mtu mbaya. Hujawahi kutuacha na shida. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe uliupima mzigo wa Baba ukiwa umekaa mezani, ukautolea hukumu kabla chai haijakauka. Baba yetu anakuogopa. Rudia kusoma hapo. Yule mzee aliyekuwa anaingia kwenye mitaro ya pampu maji yakiwa kifuani, anamwogopa mtoto wake, kiasi cha kuizika fimbo ya Mama chini ya jina la mtu mwingine. Na sisi wadogo zako tungekusikiliza. Ungejua ukweli siku ile ukapiga simu kusema boti iuzwe, mimi mwenyewe ningetafuta mnunuzi, na ningejiona nimefanya jambo la heshima. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sitauza boti. Nakuambia mapema ili usipoteze maneno. Usipige simu kumuuliza mkono, kwa sababu atakuambia ni mzima na utamlazimisha kudanganya tena. Ukitaka kujua, njoo. Usije na gari la kubebea vitu. Njoo ukae pale katikati ninapokaa mimi, na fimbo yako imefungwa kama za wengine, uone anavyoangalia maji. Ukishaona, sema unachotaka kusema, nitakusikiliza mpaka mwisho.

Nisalimie wifi na umwambie pazia litafika na mtu wa kwanza atakayekuja huko. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na yule mdogo aache kung'ata kucha. Kitindamimba anakusalimu, shemeji anakusalimu. Baba yuko hapa mlangoni, anapaka mafuta kigurudumu cha fimbo yako, na nilipomwambia nakuandikia ameacha kupaka. Anakusalimu sana, wewe na familia yote. Ameniomba nisisahau kukuandikia kwamba ile fimbo aliipoteza shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano